Liemba ya 1:60: silinda za kuyumba, valvu za kuteleza au injini ya hatua tatu?

Gati_Kigoma:
Wakuu, salama? Bodi ya modeli iko tayari: Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, kama ilivyokuwa kabla ya kung'olewa injini za mvuke na kuwekewa dizeli miaka ya 1970. Skeli 1:60, urefu sm 119, upana sm 16.5, propela mbili. Zana ni mashine ndogo ya kukerezea na drili ya mezani, basi. Machaguo yamebaki matatu:
A) silinda mbili za kuyumba (zinazocheza juu ya pini, hazina valvu), kipenyo mm 10, mwendo mm 12, mvuke unasukuma pistoni pande zote mbili.
B) Stuart D10 (injini ya modeli ya kampuni ya Stuart), silinda mbili zenye valvu za kuteleza (kibao kinachoteleza kufungua na kufunga matundu ya mvuke), kipenyo na mwendo inchi 3/4.
C) hatua tatu (mvuke uleule unasukuma silinda tatu kwa zamu, ndogo hadi kubwa), kama meli yenyewe.
Ipi itasukuma?

Kereza_Pole:
Mkuu, kabla ya injini uliza boila. D10: eneo la pistoni sm² 2.85, mara mwendo sm 1.9, ni sm³ 5.4. Mijazo minne kwa kila mzunguko (silinda mbili, pande zote mbili za pistoni) ni sm³ 21.7. Ikizunguka mara 500 kwa dakika inameza karibu lita 11 za mvuke. Geji ikisoma bar 3, lita moja ya mvuke ina gramu 2.2 hivi za maji. Hapo ni gramu 23 kwa dakika, na bado hujahesabu mvuke unaogeuka maji ndani ya silinda. Weka 35. Kuyachemsha kunataka kilowati 1.5 ndani ya maji, kwa hiyo moto wa kilowati 3, maana nusu ya joto inapotelea dohani.

A kwa bar 2 na mizunguko 800: sm³ 3.8 kwa mzunguko, gramu 5 kwa dakika, weka 8. Moto wa wati 700, gesi gramu 55 kwa saa. Mililita 300 za maji zinakupa zaidi ya nusu saa. Kwa B maji hayo hayo hayafiki dakika 9. Ukitaka boila ya kulisha B kwenye upana wa sm 16.5, uzito utapanda juu na meli italala ubavu.

Shaba_Nyekundu:
Hesabu sina ubishi nayo, ila A huvuja usoni, pale silinda inaposuguana na nguzo yake, na kulika. Mimi ningemwambia achonge ya valvu za kuteleza yenye kipenyo mm 12, si lazima D10. Rivasi ni rahisi: valvu ya njia nne, unabadilishana mvuke na ekzosti.

Mama_Boila:
Kaka Shaba, hapo umeteleza kuliko valvu yenyewe. Valvu ya kuteleza inabanwa kwenye uso wake na presha iliyomo ndani ya kisanduku cha valvu. Ukipitisha mvuke kwa njia ya ekzosti, unaingia chini ya valvu, unaiinua, na wote unapita moja kwa moja bila kusukuma kitu. Rivasi ya kweli pale ni viungo vya Stephenson, eksentriki (gurudumu lenye tundu lisilo katikati, linaloendesha valvu) mbili kwa kila silinda. Kwa mashine ndogo na drili ya mezani? Labda baada ya miezi. Silinda ya kuyumba inabanwa na springi, ndiyo maana hiyo haijali mvuke unaingilia upande gani.

Shaba_Nyekundu:
Sawa dada, nimekubali. Kwa atakayechonga B bila rivasi: tundu la mvuke mm 1.5, valvu ipitilize tundu kwa mm 0.4, eksentriki itoke katikati kwa mm 1.9 (ni 1.5 + 0.4) na iitangulie kranki kwa digrii 105 hivi. Ukiiweka 90 kamili, mvuke unachelewa kuingia na injini inagonga.

Kereza_Pole:
Turudi kwa A, maana kuvuja kwingi huanzia kwenye kutoboa. Pini ya kuyumbia ikiwa mm 40 kutoka katikati ya kranki, na mkono wa kranki ni mm 6 (nusu ya mwendo), basi 6 ÷ 40 = 0.15. Tundu la silinda lililo mm 10 kutoka kwenye pini linayumba 10 × 0.15 = mm 1.5 kila upande. Hapo ndipo matundu ya kwenye nguzo yanakaa: mm 1.5 kushoto na mm 1.5 kulia ya mstari wa kati. Toboa kwa drili ya mm 1.4. Ukitumia 1.6, silinda ikiwa wima matundu mawili yanafunguka pamoja na mvuke unakimbilia ekzosti.

Usipime kwa rula. Tengeneza jigi: kipande cha chuma chenye tundu la pini na tundu moja la mm 1.4 kwa umbali wa mm 10. Funga silinda na kranki, geuza hadi silinda ilale mwisho wa kushoto, toboa kupitia jigi, kisha kulia. Makosa ya vipimo yanajifuta yenyewe.

Uso wa silinda kuzunguka pini uchimbe mm 0.2, ugusane karibu na matundu tu. Kisha sugua juu ya msasa namba 600 uliolazwa kwenye kioo. Springi kaza hadi uvujaji ukome kwa bar 3, usizidishe robo mzunguko. Silinda ya bronzi, nguzo ya shaba ya manjano. Alumini iache. Kranki mbili zipishane digrii 90, itaanza bila kusukumwa kwa kidole.

Gati_Kigoma:
Na propela mbili? C nimeshaanza kuitoa moyoni.

Mama_Boila:
Itoe tu. Stuart ya hatua tatu ina silinda za inchi 3/4, 1 1/4 na 1 3/4. Kwa udogo huo ukuta wa silinda ni mkubwa mno kulinganisha na mvuke uliomo, kwa hiyo mvuke unapoa njiani, na bila presha ya juu na kondensa (chombo cha kupoza mvuke uliotumika uwe maji), silinda kubwa inaburutwa na nyingine mbili.

Propela: injini moja, gia mbili zinazolingana zinazoshikana, kila moja na shafti yake. Zitazunguka kinyume zenyewe.

Boila: bomba la shaba nyekundu mm 76, ukuta mm 1.6, lehemu ya fedha, lehemu ya risasi marufuku. Bushi ziwe za bronzi, kwa sababu zinki iliyomo kwenye shaba ya manjano huliwa na maji ya moto. Jaza maji baridi, toa hewa yote, pampu hadi bar 8 kabla ya kuwasha kwa bar 4.

Kereza_Pole:
Na mafuta yawe ya silinda ya mvuke, si ya gari. Ekzosti ipite kwanza kwenye kopo la kutenganisha mafuta, la sivyo utaiacha filamu ziwani nyuma ya meli.

Gati_Kigoma:
A basi. Jumamosi nakata jigi.