Naomba ushauri: reli ya pili irudi yote, au kipande tu na stesheni zitengenezwe?

Mkaa Dirishani
Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa kamati ya abiria ya njia moja ya reli inayopita mashambani. Zamani ilikuwa na reli mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Abiria walipopungua wenye reli waling'oa moja. Sasa watu wamerudi, treni zinajaa hadi mlangoni, na wenye reli wametuuliza tuanze na lipi: reli ya pili irudishwe awamu kwa awamu mwisho hadi mwisho, au irudi kipande tu na fedha nyingine ziende kwenye stesheni.

Kamati imepasuka vipande viwili. Wazee wanasema turudishiwe chetu kama kilivyokuwa. Wenye watoto wachanga na wanaotumia viti vya magurudumu wanauliza reli mbili zitawafaa nini, ikiwa kupanda treni kwenyewe ni kama kukwea ukuta.

Treni zinaweza kupishana stesheni mbili tu, niziite A na B. Kati yake ni dakika 34 kwa treni inayosimama vituo vyote vinne vya katikati. Sasa hivi treni inapita kila baada ya saa mbili, tunataka kila saa. Nina wiki mbili niandike barua moja ya kamati nzima. Niandike nini?

Gadi Mstaafu
Kijana, nimepiga filimbi kwenye reli moja miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba uchelewaji unaambukiza. Treni ya kwenda ikichelewa dakika kumi, ya kurudi inaisubiri dakika kumi, nayo inakwenda kuichelewesha ya tatu huko mbele. Asubuhi mtu mmoja amebana mlango na begi lake, jioni njia nzima inalalamika na anayetukanwa ni gadi. Wazee wenu hawasemi kwa kukumbuka ujana tu. Reli ya pili yote, basi.

Penseli na Rula
Shikamoo mzee. Ugonjwa nakubali, dozi ndiyo sikubali.

Katibu, usianze na reli, anza na ratiba. Dakika 34 kwenda, 34 kurudi, ongeza tatu tatu kila upande za kugeuza njia na kufungua ishara, unapata 74. Saa ina dakika 60. Ndiyo maana hata mkiletewa treni mpya kumi hamtapata huduma ya kila saa.

Sasa tazama. Treni zikipita kila saa pande zote mbili, yako itakutana na zinazotoka upande wa pili kila baada ya dakika 30 za safari, kwa sababu wote wawili mnakimbiliana. Waswisi walianza ratiba ya namna hii nchi nzima mwaka 1982, na miradi yao iliyofuata ikawa inaanza na swali hilo: treni zikutane wapi, saa ngapi? Jibu likipatikana ndipo wanachimba. Kwenu, zikipishana A zitakutana tena dakika 30 mbele, yaani dakika 4 kabla ya kufika B. Hapo ndipo pa kuweka reli ya pili! Irudisheni kuanzia B kuelekea A kwa mwendo wa dakika kumi hivi. Reli moja itabaki dakika 24. Kwenda na kurudi ni 48, ongeza zile sita za kugeuza njia na kufungua ishara unapata 54, na mna dakika 6 za kupumulia.

Na ule ugonjwa wa mzee: treni moja ikichelewa dakika 8, mahali pa kukutana panasogea mwendo wa dakika 4 tu, maana mwenzake anaendelea kuja. Maadamu bado mko ndani ya kipande cha reli mbili, hakuna anayesimama kumsubiri mwingine.

Kokoto
Uingereza wana makaburi mengi ya reli za pili, na kadhaa wamezifukua. Njia ya Cotswold, kati ya Oxford na Worcester, ilipunguzwa sehemu kubwa kuwa reli moja mwaka 1971. Mwaka 2011 wakarudisha kilomita 32 hivi, kutoka Charlbury hadi Ascott-under-Wychwood na kutoka Moreton-in-Marsh hadi Evesham. Ncha mbili, upande wa Oxford na upande wa Worcester, zikaachwa na reli moja. Ilisaidia sana, lakini treni bado zinalazimika kupenya kwenye vile vishingo viwili, na madai ya kumalizia kazi hayajaisha. Swindon hadi Kemble walirudisha yote mwaka 2014, baada ya kuing'oa mwaka 1968, kwa sababu hapo kipande kizima cha kilomita 20 kilikuwa ndicho kizibo.

Mfano unaowafaa ni Axminster. Njia ya Salisbury hadi Exeter ni reli moja sehemu kubwa. Desemba 2009 walifungua kipande cha reli mbili cha kilomita 5 tu pale Axminster, na treni za kila saa kati ya London na Exeter zikawezekana. Kilomita tano! Ila waliziweka palipohitajika.

Kabla ya kuandika barua, tembeeni tuta zima pamoja na mhandisi. Watu hudhani reli ikishang'olewa nafasi yake inangoja. Mara nyingi reli iliyobaki husogezwa katikati, hasa chini ya madaraja ili treni pana zipite, kwa hiyo hata hiyo ya sasa itabidi ihamishwe. Nafasi iliyoachwa huzikwa nyaya za ishara na simu. Makalavati huziba, mteremko wa tuta huliwa na mvua. Vyuma na mataruma ni kazi nyepesi. Maji na udongo ndivyo vitakavyowatoa jasho.

Mkaa Dirishani
Penseli, nimesoma mara tatu, ya tatu nimeelewa. Kuna kituo dakika 6 kutoka B, kwa hiyo kitaangukia ndani ya hicho kipande. Jukwaa la pili bado lipo ila limeota miti, na daraja la waenda kwa miguu liliondolewa zamani. Kuna kijia watu wanakatisha juu ya reli. Kinatosha?

Mshika Bendera
Hapana, hapana, hapana. Samahani kwa kupiga kelele.

Kwenye reli moja, treni ikishapita, imepita. Kwenye reli mbili mtu anangoja treni iliyosimama iondoke, anavuka nyuma yake, na ya upande wa pili inamkuta katikati. Hakuiona kwa sababu ya kwanza ilimziba macho, hakuisikia kwa sababu ya kwanza ilikuwa inanguruma. Watu waliozoea reli moja miaka yote miguu yao haijui kuwa mambo yamebadilika. Siku reli ya pili inafunguliwa, kijia kiwe kimeshafungwa na daraja liko tayari. Wasiwaambie daraja litakuja awamu ya pili.

Mama Pacha
Daraja la ngazi au la rampu? Maana mimi nina gari la watoto la viti viwili, na kila mradi naambiwa "lifti itafuata".

Rampu nayo ina hesabu zake. Mteremko wa moja kwa kumi na mbili ndio mkali unaovumilika kwa kiti cha magurudumu, kwa hiyo kupanda mita 6 kunataka rampu ya mita 72 kabla hujaweka sehemu tambarare za kupumzikia, na hiyo ni upande mmoja tu. Ulizeni nafasi ipo wapi.

Ndiyo maana naipenda stesheni ya Penryn, huko huko Uingereza, kwenye njia fupi ya Truro hadi Falmouth. Mwaka 2009 waliweka njia ya kupishania pale, lakini badala ya majukwaa mawili wakarefusha lile lile moja: treni ya huku inasimama ncha hii, ya kule ncha ile, abiria havuki chochote. Treni zikawa karibu kila nusu saa. Na vituo vyenu vitatu vitakavyobaki kwenye reli moja msivionee huruma. Jukwaa moja lisilo na daraja ni raha kwetu sisi.

Penseli na Rula
Penryn ni werevu mtupu, ila inataka treni zisimame zipishane kituoni. Kwa katibu, anayetaka zipishane zikiwa mwendoni, majukwaa mawili ni afadhali.

Mama Pacha kanikumbusha jambo. Katibu, umesema kupanda treni ni kukwea. Jukwaa likiwa chini, kila kituo kinakula muda wa watu kuinuliana mizigo. Mkiinua majukwaa yalingane na sakafu ya behewa na kuyarefusha ili milango yote itumike, mkaokoa nusu dakika kila kituo, kwa vituo vinne mmepata dakika mbili. Kwa hiyo acheni kugombana "reli au stesheni". Jukwaa zuri linawapa nafasi kwenye ratiba kama reli inavyowapa.

Gadi Mstaafu
Sawa, nimeshindwa nusu. Nusu iliyobaki naidai. Andika kwenye barua kwamba daraja lolote jipya, kalavati lolote, jukwaa lolote, lijengwe kwa kuacha upana wa reli mbili, hata pale mnapoweka moja. Wakishabana nafasi, wajukuu wako hawataipata.

Kokoto
Mzee yuko sahihi kabisa. Borders Railway ya Scotland ilifunguliwa Septemba 2015, kilomita 48 hivi, na vipande vitatu tu vya reli mbili. Abiria walikuja, lakini baadhi ya madaraja mapya yalijengwa kwa reli moja. Kuongeza ya pili hapo ni kujenga upya.

Mkaa Dirishani
Nimepata barua yangu, wakuu. Treni kila saa ndilo ombi la kwanza. Halafu reli ya pili kutoka B kwa mwendo wa dakika kumi, daraja lenye rampu au lifti kabla haijafunguliwa, majukwaa ya vituo vyote vinne yainuliwe, na upana wa reli mbili ulindwe njia nzima. Wazee nitawasomea aya ya Gadi. Kesho nakwenda na saa kupima treni inasimama muda gani kila kituo.

Gadi Mstaafu
Pima Jumatatu asubuhi, si kesho Jumapili. Na hesabu kuanzia magurudumu yanaposimama hadi yanapoanza kuzunguka tena, usihesabu milango. Milango inadanganya.