Niandike maneno gani kwa hina juu ya mwili wa mwanamke?

Mpakaji wa Kibokoni:
Asalam aleikum. Mimi ni mpakaji hina hapa Mji wa Kale, Mombasa. Siku hizi ninapiga picha za wanawake wa kwetu wakiwa wamejistiri, nikiwaandika kwa hina usoni na viganjani, kwa kuwa nataka imani yao na nafsi zao zionekane pamoja. Shangazi yangu aliitazama picha moja kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu umemwandika yeye, au umejiandika wewe?" Nilikosa jibu.

Mwalimu wa Sanaa:
Waaleikum salaam, mwanangu. Zitafute kazi za mpiga picha Lalla Essaydi, mzaliwa wa Marrakesh, Moroko, mwaka 1956. Kwa desturi, khati ya Kiarabu, yaani sanaa ya maandishi ya mapambo, ilikuwa zaidi fani ya wanaume, na hina ikawa ya wanawake. Yeye aliandika khati kwa hiyo hina, kwenye ngozi, nguo na hata kuta, mpaka mwanamke na chumba alimoketi vikawa ukurasa mmoja. Baadhi ya picha zake alizipiga katika nyumba ya ukoo wao, ambamo mwanamke aliyevunja amri alikuwa akiwekwa peke yake kwa majuma kadhaa bila kusemeshwa. Maneno yalitoka katika shajara yake mwenyewe, na kwa makusudi hayasomeki kwa urahisi.

Bi Mkubwa wa Makadara:
Mimi nasisitiza jambo moja: usiandike aya za Kurani, kwa sababu hina huoshwa, na maneno matukufu hayafai kwenda na maji ya bafuni. Msanii Shirin Neshat wa Irani, katika picha zake za 1993 hadi 1997, aliandika mashairi ya Kifarsi kwa wino juu ya picha yenyewe, wala si juu ya ngozi. Tena sisi tumezoea kuvaa maandishi: leso ina pindo, mji wa katikati na jina, yaani ule msemo ulioandikwa, na jina hulichagua mvaaji.

Mpakaji wa Kibokoni:
Ahsanteni sana. Jana nilimpa jirani yangu kalamu kwanza, achague mwenyewe. Aliandika majina ya mama yake na bibi zake, nami nikayanakili kwa hina kuanzia kiwiko. Nilipofika kifundo cha mkono akasema, "Hapo niachie, mkono huu nautilia udhu." Nimeupiga picha ulivyo, kiganja kikiwa kitupu.