Kuku anaatamia, mafua ya ndege yametangazwa: wewe ulifanyaje? Tupeane uzoefu

Migombani (Bukoba)
Habari zenu wafugaji wenzangu. Nafuga kuku wa kienyeji si mbali na ziwa. Naanza na ya kwangu, wengine mfuate.

Januari 2017 nilikuwa na tetea watatu wanaatamia kwa wakati mmoja. Wawili walikuwa ndani, mmoja kwenye karai bovu jikoni na mwingine bandani. Wa tatu, mwekundu na mkali kuliko wote, alikuwa amejitafutia kiota chake kwenye migomba. Ndipo tukasikia redioni kwamba Lutembe, karibu na Entebbe, ndege wa ziwani wamekutwa wamekufa kwa wingi na vipimo vimeonyesha mafua ya ndege. Baadaye ikasemwa imefika hata kwa bata na kuku wa majumbani. Ziwa ni hilihili tunalochota maji, na ndege wa aina ile tunawaona huku kila siku.

Nikafungia kuku wote. Wale wa ndani hawakunisumbua kabisa, maana kuku anayeatamia hutoka kama mara moja kwa siku. Anakula, anakunywa, anaacha kinyesi kikubwa chenye harufu kali, anaoga vumbi kidogo, huyo amerudi. Kazi ilikuwa kwa yule mwekundu. Kila akitoka alikwenda kunywa kwenye dimbwi wanakoshuka bata wa jirani na ndege wa ziwani. Virusi hivi hutoka na kinyesi na udenda, na kwenye maji yenye ubaridi hukaa siku nyingi. Nilikuwa nikimwona anainamisha shingo pale dimbwini, roho inaniuma.

Nikamhamisha saa tatu usiku. Mayai 11 niliyapanga kwenye ungo wenye majani makavu ya mgomba, yeye nikambeba kwapani nimemfunika kichwa kwa kanga. Nikamweka chumba cha stoo, nikamfunika na tenga, juu yake gunia. Asubuhi nikamkuta amesimama pembeni, mayai ameyapa mgongo. Nilikaribia kulia. Nikarudisha gunia, nikafunga mlango, nikakataza watoto hata kuchungulia. Mchana nilipoingia alikuwa ameshayalalia, manyoya yote ameyatutumua. Walitoka vifaranga saba, mayai manne yakawa viza.

Wewe je? Ulimhamisha, ulimwacha, au ulimkatiza asiatamie tena?

Kota la Mama (Singida)
Dada, uliwahi kidogo kumpa mayai yake. Mimi nikihamisha namtangulizia mayai mawili viza kwenye kiota kipya. Akiyakalia usiku wa kwanza na kesho yake akanidonoa mkono, hapo ndipo namwekea ya kweli. Na majivu chini ya nyasi usisahau. Utitiri ukimzidi, hata akiwa mkali namna gani atakimbia mayai.

Mzee wa Gulio (Morogoro)
Hili nalisema kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa na kuku 40. Mwezi wa tisa wakafa wawili usiku mmoja. Watu wakaniambia wahi, uza waliobaki kabla hawajakuishia. Nikapeleka sita gulioni, wanaonekana wazima, nikauza wote kabla ya saa tano. Wiki mbili baadaye nyumba tatu za mtaa wa pili zilikuwa zinafukia kuku. Mmoja wa waliofukia alinunua kwangu. Mpaka leo tukisalimiana natazama chini.

Nyumbani nao waliendelea kufa, nikabaki na wanne. Nilikuwa na tetea wa madoa anaatamia mayai 13, siku ya 20. Nilikuta amekufa akiwa juu ya mayai yake, shingo imepinda, kinyesi cha kijani kimeganda mkiani. Niliinua yai moja nikaliweka sikioni, kifaranga kinalia ndani. Sikuwa na tetea mwingine wa kuyapokea. Nikayazungushia blanketi, nikaweka na chupa ya maji ya moto. Walitoka wawili, hawakufika wiki.

Nilikuwa na hakika ni kideri, ule ugonjwa wa kuku wengine wanauita mdondo. Afisa mifugo alipokuja akaniambia kwa macho hakuna wa kuapa. Vifo vya ghafla, kichwa kuvimba, upanga wa kichwani kuwa wa bluu, kuharisha, vyote vinaweza kuwa kideri na vinaweza kuwa mafua ya ndege, na jibu linatoka maabara. Kwa hiyo ndugu zangu, wakifa wawili watatu kwa mpigo, usichinje wala usiuze. Toa taarifa, na usiwashike kwa mikono mitupu.

Siku hizi nachanja kideri kwa I-2, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Ila hiyo haizuii mafua ya ndege, msije mkadhani mmemaliza.

Uani Leicester
Nawasoma kutoka Uingereza. Huku si hiari. Kuanzia mwisho wa Novemba 2021 hadi mwanzo wa Mei 2022 wote tulitakiwa kufungia ndege, hata sisi wa kuku wanne uani. Na tangu Oktoba 2024 hata mwenye kuku mmoja wa uani anajiandikisha. Kuku wangu wa aina ya Silkie alianza kuatamia mwezi wa tatu tukiwa bado tumefungia. Nilizungushia wavu mdogo ambao shomoro hapiti, juu nikaezeka plastiki ili kinyesi cha ndege kisidondokee ndani, na viatu vya bandani havikutoka bandani. Wakati ule nilikuwa nalaumu masharti. Nikisoma ya Mzee wa Gulio nayaona kwa jicho jingine. Pole sana mzee wangu.

Bandani Pemba
Mimi zikija habari kama hizo namkatiza. Namweka kwenye kizimba chenye sakafu ya fito, kimeinuliwa, upepo unampita chini, chakula na maji yapo. Siku tatu au nne anasahau. Wanaochovya kuku kwenye ndoo ya maji au kumpitisha unyoya puani waache jamani, ni kumtesa bure.

Nyar Ziwa (Kisumu)
Hapa kwetu kuku wengi hulala jikoni, na wa kuatamia huwekwa hata chini ya kitanda cha watoto. Misri, ugonjwa ulipoingia 2006, walioambukizwa wengi walikuwa watu wa kuku wa nyumbani, wanawake na watoto wengi. Kwa hiyo dada wa Bukoba, yule wa kwenye karai la jikoni ndiye angeninyima usingizi, si huyo wa migombani.

Migombani (Bukoba)
Nyar Ziwa, umenigusa. Mwaka ule mwanangu wa mwisho alikuwa akishinda hapo jikoni anachungulia mayai, na mimi macho yangu yote yako dimbwini.

Sasa hivi nina mmoja anaatamia, siku ya tisa, na yuko jikoni vilevile. Nimepima kwa tochi jana, 10 kati ya 12 yana mishipa. Usiku wa leo namtoa kwenda stoo. Kota la Mama, mayai viza mawili ninayo hayohayo niliyotoa jana. Nimsubirishe usiku mmoja kweli na mimba zimeshafika siku tisa? Hayo 10 nitayaweka wapi yasipoe mpaka kesho?