Wenye watoto wasiokaa kitako, njooni tupeane uzoefu

Mama P.3, Kampala
Habari zenu wazazi. Mwanangu ana miaka minane na shule hii ni ya tatu. Ya kwanza walisema ana pepo, ya pili hana adabu, hii angalau walisema nimpeleke kwa daktari. Tukaenda Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili. Nikaulizwa mpaka habari za mimba yake, wakataka na maelezo ya mwalimu, maana ADHD, hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuwa makini, haionekani kwenye damu. Akaandikiwa methilifenideti, dawa ya kumsaidia kutulia na kuwa makini.

Wiki ya kwanza aliandika ukurasa mzima, nikalia. Baadaye mwalimu wa hesabu ananipigia: "Mama, mtoto umemwachisha dawa?" Nikakaa nikahesabu. Gari la shule linatupitia alfajiri, kwa hiyo kidonge anameza saa kumi na mbili, na hiki chake kinafanya kazi kama saa nne tu. Wakitoka mapumziko dawa imekwisha, na hesabu ndiyo inaanza! Daktari akaongeza cha pili cha kumeza shuleni. Matroni amekataa kukishika, eti hataki kesi. Nyinyi mlifanyaje?

Mwalimu wa Chaki, Jinja
Mama, matroni usimlaumu sana. Ni dawa ya kuandikiwa, ikipotea mikononi mwake ni balaa. Mwombe daktari barua inayotaja kipimo na saa, uipeleke kwa mwalimu mkuu mwenyewe, na daftari la kutia sahihi kila kidonge kinapotolewa. Shuleni kwetu ndivyo tulivyokubaliana na mzazi mmoja.

Darasani kwangu wako 87. Huyo wangu mwenye hali hii nimemweka mbele, mbali na dirisha, na nikiona ameanza kuchemka namtuma afute ubao au akusanye madaftari. Zamani nilikuwa nachapa, sifichi. Sheria ilikataza viboko shuleni 2016, lakini mimi niliacha kwa kuchoka: mtoto yule yule, kosa lile lile, kila siku ya Mungu.

Baba Mdogo, Busia
Wetu ana miaka mitano. Daktari hakutoa dawa, alisema kwa umri huo tuanze kufundishwa sisi wazazi. Niliudhika, nauli yote ile! Lakini kuna jambo nililishika. Nilikuwa namwambia vaa viatu, chukua begi, funga mlango, msalimu shangazi, yote kwa pumzi moja. Sasa ni neno moja. Akimaliza, la pili. Na akifanya namsifu papo hapo, si jioni, jioni ameshasahau. Mlango bado hafungi.

Bibi wa Bombo
Mimi nalea mjukuu. Dawa ilimkatia hamu ya kula, mchana hagusi hata wali. Nikageuza saa za chakula: asubuhi anakunywa chai ya maziwa na mayai mawili kabla ya kidonge, na usiku njaa ikimrudia namwekea matoke, anakula kama katoka kulima. Kliniki wanampima uzito, urefu na presha kila tukienda, usikubali waruke. Majirani wanasema nampa mtoto dawa za wendawazimu. Nawaitikia salamu tu.

Mkazi, Nakivale
Sisi kidonge kikiisha ni safari ya Mbarara, na si kila duka la dawa kinapatikana. Siku moja mama mwenzangu akanipa vya mwanawe nisogeze wiki. Vilikuwa vya nguvu zaidi. Mtoto akakaa kimya kama sanamu na usiku hakulala kabisa. Nilipomweleza daktari alinigombeza, na nilistahili. Sasa nahesabu vidonge kila Jumapili, vikibaki vya siku kumi naanza kutafuta nauli.

Mama P.3, Kampala
Mwalimu, Mungu akuweke. Barua nimepeleka, mwalimu mkuu kasaini, matroni naye kasaini huku amenuna. Hii ni siku ya tatu na mwalimu wa hesabu hajapiga. Bibi, yale mayai nimejaribu. Moja nimelikuta chini ya mto.