Mashine ikisoma eksirei vibaya, nani atajibu?

Ndugu zangu, anayepinga na apinge: akili mnemba isome picha za vifua vyetu kabla hatujajua nani atajibu ikikosea?

Wengi hapa Arua, Uganda, wanasema iachwe ifanye kazi, maana madaktari wa kusoma eksirei ni wachache na kifua kikuu (TB) hakingoji. Hapo sina ubishi. Hata Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilipendekeza programu hizi zitumike kuchunguza watu wa miaka 15 na kuendelea. Ila tazameni yanayotokea mezani.

Mwaka jana nilimpeleka mjomba kwenye kliniki moja. Kompyuta ikaonyesha mapafu yenye doa jekundu, na pembeni namba: 78. Mhudumu akatamka palepale, "Mzee ana TB," waliokaa kwenye benchi wote wakasikia. Mjomba aliugua TB zamani akapona. Makovu yalibaki, na makovu ya aina hiyo huzichanganya sana programu hizi. Makohozi yalipopimwa, hakuna kitu. Lakini wiki nzima alikuwa amekula peke yake, sahani yake imetengwa.

Namba ile haisemi mtu ni mgonjwa. Ni kipimo cha shaka tu, na mpaka wa kusema "huyu apimwe makohozi" huwekwa na watu. Ukiushusha, wazima wengi watasumbuliwa bure. Ukiupandisha, wagonjwa watarudi nyumbani wakikohoa. Nikauliza nani aliuweka wa pale. Nikajibiwa kwamba ulikuja hivyo na kompyuta.

Sheria yetu ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa sana usifanywe na mashine peke yake. Sharti aombe kwa maandishi. Mjomba anasema Kilugbara na Kiswahili. Karatasi aliyotia dole gumba pale kliniki ilikuwa ya Kiingereza. Ataandika nini, amwandikie nani?

Mimi nasema mashine ibaki. Lakini kila jibu litiwe saini na mganga anayejulikana kwa jina, ule mpaka wa namba nao upimwe kwa wagonjwa wa hapa hapa Uganda, na mtu aelezwe kwa lugha yake kabla hajavua shati. Mnaosema hayo yatachelewesha matibabu, nijibuni: kumweleza mzee kwa Kilugbara kunakula dakika ngapi?