Homoni ya ukame kwenye majani ya mtama: mbona vitalu vilivyomwagiliwa vimetoka sawa na vilivyonyimwa maji?

Binti_Mtama
Wakuu, naombeni msaada. Nafanya utafiti wa uzamili kuhusu mtama na ukame. Nina vitalu Dodoma, nusu namwagilia, nusu nimevinyima maji siku 14. Napima asidi ya absisiki (ABA), homoni inayoufanya mmea ufunge stomata zake (vitundu vya kupumulia kwenye majani) maji yakipungua. Nilikata majani saa 4 asubuhi, nikayatia kwenye mifuko ya khaki ndani ya boksi la barafu, nikapanda basi hadi Morogoro. Jioni yakaingia friza ya nyuzi −20. Baadaye nikasaga, nikaloweka kwenye methanoli ya asilimia 80, nikapima kwa ELISA (kipimo kinachotumia kingamwili kuikamata homoni). Vitalu vyote vimetoka juu, tofauti haionekani! Naambiwa labda mbegu hii haisikii ukame. Lakini nimeyaona kwa macho yangu majani ya upande mkavu yakijisokota mchana, na ya upande wa pili yamenyooka. Kipimo ndicho kibovu?

Fundi_wa_Maabara
Pole sana, mdogo wangu. Kabla ya kulaumu kipimo, litazame hilo boksi. Jani likikatwa halijafa. Linazidi kupoteza maji, na jani linalonyauka hutengeneza ABA kwa kasi. Kwa majani ya ngano yaliyokatwa hilo lilionyeshwa tangu 1969. Barafu inapunguza mwendo, haiuzimi. Majani yako yaliyomwagiliwa yamepata ukame wao ndani ya basi.

Kata jani, funga kwenye foili, tumbukiza kwenye nitrojeni kimiminika (nyuzi −196) palepale shambani. Kisha friza ya −80, na lisiyeyuke hata mara moja kabla ya kusagwa. Chukua jani la nafasi ileile, saa ileile, kila mmea. Kinga dondoo (methanoli yenye vilivyotoka kwenye jani) na mwanga pia, maana mwanga wa jua hugeuza umbo la ABA.

Halafu, umehesabu kwa gramu mbichi au kavu? Jani lililonyauka lina maji kidogo, kwa hiyo gramu yake mbichi ina jani jingi zaidi. Tumia uzito mkavu.

Tungamo
Nakubaliana na Fundi. Naongeza la ELISA: dondoo la jani zima lina mengi yanayoweza kuisumbua kingamwili. Zimua dondoo mara mbili, mara nne, mara nane, kisha zidisha jibu kwa idadi hiyohiyo. Hesabu zikirudi tofauti kila mara, usiziamini.

Ukipata nafasi kwenye maabara yenye kromatografia ya kimiminika na spektrometa ya tungamo (mashine zinazotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake), nenda huko. Weka kiasi unachokijua cha ABA yenye deuteri (hidrojeni nzito) sita kwenye sampuli mwanzoni kabisa, kabla ya kuchuja chochote, kwa sababu kitakachopotea njiani kitapotea kwa zote mbili kwa kiwango kilekile. Mashine husoma uzito wa molekuli na wa kipande chake ikivunjika: ABA ya mmea inasomwa 263 kwenda 153, ile ya deuteri 269 kwenda 159. Mfano: umeweka nanogramu 20, kilele (ukubwa wa alama kwenye mashine) cha ABA ya mmea kikawa mara 1.5 ya kile cha deuteri. Sampuli ilikuwa na nanogramu 30. Kama ilikuwa miligramu 50 kavu, ni nanogramu 600 kwa gramu.

Binti_Mtama
Asanteni mno, hata usingizi utarudi. Sasa nitrojeni kimiminika Dodoma naipata wapi? Chuoni ipo, ila mtungi wa kusafirishia hatuna.

Fundi_wa_Maabara
Waulize watu wa mifugo. Wanaofanya uhimilishaji wa ng'ombe hutunza mbegu za madume kwenye nitrojeni, na wana mitungi midogo ya kwenda nayo vijijini. Mimi nimeazima mara mbili, nikarudisha umejazwa. Ukiubeba kwenye gari, vioo wazi, na kifuniko usikibane, gesi lazima itoke.

Binti_Mtama
Nitaenda Jumatatu. Vitalu bado viko shambani, vile vya ukame navinyima maji upya na kuanza kuhesabu siku. Safari hii nitakata pia majani machache ya vitalu vilivyomwagiliwa niyaache kwenye boksi la barafu kwa muda wa saa nne makusudi, niyapime pamoja na mengine, msimamizi ayaone mwenyewe.