Naomba ushauri: kuvuka Namanga na gari la kaka, nikiwa na mama na watoto

MamaDoreen_Njiro

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anaoa Nakuru mwezi ujao, na mimi ndiye nitakayeendesha kutoka Arusha. Nitakuwa na mama yetu pamoja na wanangu wawili. Kenya nimezoea kwenda kwa basi, ambako kondakta anakuelekeza dirisha hadi dirisha. Kwa gari binafsi sijawahi. Gari ni la kaka na kadi ina jina lake. Mimi na watoto tuna pasipoti, mama ana kitambulisho cha NIDA tu.

Kinachoninyima usingizi ni mihuri. Nagongewa wapi, na gari nalo linahitaji nini? Jirani yangu, kwenye mpaka mwingine, aliambiwa wakati wa kurudi kwamba hana muhuri wa kuingia nchi aliyotoka. Akashinda pale hadi giza. Sitaki mama yamkute hayo.

Barabara_Kuu

Dada, Namanga ni kituo cha huduma za pamoja, kilizinduliwa rasmi Desemba 2018. Ukienda Kenya hutafuti dirisha upande wa Tanzania. Unavuka na gari, unaegesha kwenye jengo la Kenya, na humo ndani utawakuta uhamiaji wa nchi zote mbili: wa Tanzania wanakugongea kutoka, wa Kenya wanakugongea kuingia. Kurudi ni kinyume chake, yote yanafanyika kwenye jengo la Tanzania. Hapo ndipo watu wanapokosa muhuri mmoja: ofisa wa kwanza akishagonga, mtu anadhani kamaliza, anarudi kwenye gari. Nadhani ndilo lililompata jirani yako.

Kila mtu ashuke, hata mama na watoto. Ukirudishiwa pasipoti usiondoke dirishani. Fungua ukurasa, hakikisha mihuri ni miwili, tarehe inasomeka, kisha soma siku ulizopewa. Kwa itifaki ya soko la pamoja, raia wa Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi 6, lakini kinachokuhusu ni kilichoandikwa kwenye pasipoti yako. Wino ukiwa hafifu, omba agonge tena palepale. Ni haki yako, na mbele ya safari hakuna atakayekusaidia.

Na yule kijana atakayekuja mbio kwenye kioo cha gari akitaka umpe pasipoti zote akakugongeshee, usimpe hata moja.

Turniboi_wa_Kusini

Mkuu hapo juu kamaliza ya watu. Gari lina mambo yake, tena ndiyo yanayosumbua zaidi.

Beba kadi halisi ya gari, si kivuli. Kaka aandike barua ya kukuruhusu kutoka nalo nje ya nchi, iwe na namba ya gari, namba ya chesisi na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, igongwe muhuri wa wakili. Ambatanisha nakala ya kitambulisho chake. Kama gari lina mkopo, benki nayo itoe barua.

Bima yako ya Tanzania inaishia mpakani. Nenda kwa kampuni yako ya bima kabla ya safari, wakukatie kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambulika ng'ambo ya mpaka. Usiichanganye na ile ya chanjo ya homa ya manjano, hizo ni karatasi mbili tofauti. Ya COMESA inalipia madhara utakayomsababishia mtu mwingine na matibabu ya dharura. Gari la kaka likibonyea, hailitengenezi.

Baada ya uhamiaji, nenda forodha upewe kibali cha muda cha gari. Kina tarehe ya mwisho. Sasa sikiliza vizuri: siku ya kurudi, usiondoke mpakani kabla kibali hicho hakijafungwa. Watu wakishapata mihuri yao wanawasha gari wanaondoka, na kwenye mfumo gari linabaki "lipo Kenya". Siku kaka akitaka kuvuka tena, yeye ndiye atakayebanwa.

Mkaazi_wa_Kajiado

Karibuni sana Kenya, dada. Acheni mifuko ya plastiki nyumbani, huku imepigwa marufuku tangu Agosti 2017. Namanga hadi Nairobi ni kama kilomita 160, na jioni msongamano wa Kitengela unachosha, kwa hiyo ondokeni Arusha alfajiri. Msiingie mjini: shikeni Southern Bypass, mtatokea Kikuyu, halafu Limuru na Naivasha.

MamaDoreen_Njiro

Mungu awabariki, nimeandika yote kwenye daftari. Je, mama na NIDA yake? Shangazi yake wa Uganda huwa anaingia Kenya kwa kitambulisho.

Barabara_Kuu

Waganda, Wakenya na Wanyarwanda walikubaliana hivyo tangu 2014, sisi hatumo. Mama anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Mpeleke ofisi ya uhamiaji hapo Arusha wiki hii, na NIDA, cheti cha kuzaliwa na picha ndogo. Usisubiri mfike Namanga na watoto garini ndipo muanze kuulizia. Na kwa watoto, kama baba yao hasafiri nanyi, abaki amekuandikia barua ya ridhaa, uibebe pamoja na vyeti vyao.